Baba anataka niwe daktari wa watu, mkono wangu umezoea kuku

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 19, kwetu ni kijijini mkoani Singida. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB. Matokeo yalitoka nikiwa kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa): Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Ni daraja la pili, pointi 10. Kambini sikuwa na simu, kwa hiyo maombi ya vyuo alinijazia kaka yangu kwa kufuata karatasi niliyomwachia. Nimerudi nyumbani juzi nikakuta nimechaguliwa vyuo viwili. Kimoja ni chuo binafsi, udaktari wa binadamu. Kingine ni SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, udaktari wa mifugo. Natakiwa nithibitishe kimoja na zimebaki siku tisa.

Mwalimu, ile SUA niliiandika mwisho kabisa, kwa penseli, nikijua kwamba Baba akiiona nitaifuta. Hakuiona.

Baba ni mhudumu wa afya hospitalini, mwaka wa 26 sasa. Anasukuma machela, anawageuza wagonjwa kitandani, anabeba marehemu. Kaka alipomwambia nimechaguliwa udaktari alilia, kisha akawanunulia majirani soda. Tangu nimerudi haniiti tena jina langu, ananiita "Daktari". Baba mdogo aliyeko Dar ameahidi kulipa ada. Maneno yake ni haya: "Mwaka wa kwanza niachieni mimi, mengine Mungu atajua." Mkopo wa Bodi ya Mikopo tumeomba, majibu bado.

Mama yeye anasema ningechukua ualimu wa sayansi, yaishe. Kaka ana shahada ya biashara, ana miaka mitatu mtaani, anaendesha bodaboda. Anasema nisidanganywe na mtu, niangalie chenye ajira tu.

Sasa nikueleze habari ya kuku. Nilipokuwa kidato cha pili mdondo, ule ugonjwa wa kuku, uliingia kijijini kwetu. Tulikuwa na kuku 51, ndani ya wiki moja wakabaki wanne. Kuku hao ndio waliokuwa wakininunulia sare na madaftari, nililia kama nimefiwa. Baadaye mtaalamu wa mifugo wa kata alikuja akatuonyesha chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Akaniachia kazi ya kuwakumbusha watu tarehe. Nikaanza kwenda naye, kisha akanituma peke yangu, chupa ya chanjo nimeifunga kitambaa kibichi isipate joto. Kila kuku shilingi 100. Nina daftari nimeandika tarehe, jina la mama mwenye kuku, idadi, waliokufa na walikufaje. Nilipoondoka kwenda bweni kidato cha tano zilikuwa kaya 31. Mdogo wangu ndiye aliyeendeleza, nami nikirudi likizo nakagua daftari.

Hospitalini nimewahi kukaa siku sita, Bibi alipolazwa. Nilimhudumia vizuri. Lakini yule daktari aliyepita asubuhi na wenzake sikumwonea wivu hata kidogo. Sijui kama hiyo ni sababu ya kukataa kitu ambacho wenzangu wanakililia.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kipi kina ajira kati ya hivyo? Na nikiacha udaktari wa watu, nitakuwa nimemdharau Baba?

Binti wa Singida

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu hili nimekutumia mapema kabla ya kulichapa hapa, kwa kuwa siku zako zinahesabika. Na kabla ya lolote, hongera. C ya Kemia na C ya Baiolojia kidato cha sita haziokotwi. Najua zinavyopatikana, maana nimefundisha Baiolojia sekondari miaka 24.

Katika miaka hiyo, kila kidato cha tano kipya cha PCB kikiingia nilikuwa nauliza nani anataka kuwa daktari. Darasa karibu zima lilinyoosha mikono. Kisha niliuliza nani amewahi kuzungumza na daktari akiwa yeye si mgonjwa. Mikono ilishuka yote, labda ikabaki miwili. Jambo hili huniumiza mpaka leo. Mtoto wetu anakaa darasani miaka 13, saba ya msingi, minne, na miwili, na kazi pekee aliyoiona ikifanyika mbele yake kwa macho yake ni ya mwalimu. Halafu tunampa siku chache achague atakachofanya mpaka uzeeni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ulipoandika habari ya udaktari wa binadamu, kila sentensi ilikuwa ya mtu mwingine: Baba alilia, Baba mdogo ameahidi, wenzangu wanaulilia. Ulipofika kwa kuku ukaanza kunipa hesabu. 51, wanne, tone moja, miezi mitatu, kaya 31. Ukaniambia umeandika waliokufa na walikufaje. Hakuna aliyekutuma uandike walikufaje.

Sitaki uelewe kwamba nasema kumpenda kuku kunatosha. Hakutoshi. Watu wengi wameingia SUA kwa kupenda ng'ombe wa babu yao, wakakutana na famakolojia, somo la dawa, wakashangaa. Shahada ya tiba ya wanyama ni miaka mitano, sawa na ile ya binadamu kabla ya mwaka wa mazoezi hospitalini. Utasoma mwili wa ng'ombe, wa mbuzi, wa mbwa, wa nguruwe na wa kuku, na kila mmoja ana tumbo lake na magonjwa yake. Na kazi yenyewe ina sehemu ambazo daftari lako halijazigusa. Kwa hiyo siku tisa hizi usizimalizie kwa kuuliza watu. Nenda ukaione.

Kesho mtafute yule mtaalamu wa mifugo wa kata. Mwambie unataka kwenda naye machinjioni alfajiri, siku mbili mfululizo. Utamwona anapasua ini kutafuta minyoo, anakata tezi na kupapasa mapafu akitafuta dalili za kifua kikuu. Utasikia harufu. Na ukibahatika, kwa maana ya kujifunza, utaona ini au mzoga mzima unakataliwa mwenye nyama amesimama pale, ameshakopa fedha za kumnunua yule ng'ombe. Mwangalie mtaalamu wako anasema nini na sauti yake ikoje. Hiyo ndiyo kazi: kujua ugonjwa, kisha kuwa na uso wa kumwambia mtu hasara yake. Muulize pia siku ng'ombe aliyezaa kondo la nyuma likagoma kutoka alifanya nini, na mkono wake ulifika wapi. Akikuambia ulifika begani, usidhani anatania. Ukirudi nyumbani jiulize kama ungependa kurudi tena kesho yake. Jibu hilo litakufaa kuliko langu.

Upande wa hospitali nao haujautendea haki. Zile siku sita wodini ulikuwa mjukuu. Uliogopa kumpoteza Bibi, na mtu mwenye hofu hiyo hawezi kumtazama daktari akajua kama anaitamani kazi yake. Kwa hiyo usiitumie kama sababu, si ya kukataa wala ya kukubali. Unaye mtu nyumbani ambaye ameiona kazi ya daktari usiku na mchana kwa miaka 26, na hujamuuliza hata swali moja.

Ndiyo, Baba yako. Hapa ndipo nataka ukae vizuri unisikilize.

Msubiri siku akitoka zamu ya mchana, ameshakula, ametulia. Usianze na "Baba, sitaki". Anza na kumuuliza. Baba, katika madaktari wote uliofanya nao kazi, ni yupi ulimheshimu kuliko wote, na kwa nini? Muulize na yule ambaye hakumheshimu. Muulize usiku mbaya kuliko wote aliowahi kuuona, daktari wa zamu alifanya nini, na asubuhi alikuwaje. Naamini hakuna aliyewahi kumuuliza Baba yako maswali haya. Watu humwita asukume machela. Mtu wa namna hiyo akikuita "Daktari" kila asubuhi, anachotamani si cheo tu, anatamani kuona mtu wa damu yake akiwa upande wa wanaoamua. Hilo ulielewe kabla hujasema la kwako.

Kisha mletee daftari. Lifungue mbele yake, msomee. Sina hakika kama amewahi kuliona likisomwa.

Na muulize hili pia: amewahi kumwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa wodini? Kama amemwona hatasahau, kwa sababu ugonjwa ule dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona, daktari awe bingwa namna gani. Aliyeumwa huokolewa kwa kuosha jeraha na kuwahi chanjo, na kijiji huokolewa kwa kuchanja mbwa. Anayechanja mbwa ni mtu wa mifugo. Kimeta ni vivyo hivyo, kinaanzia kwenye mzoga uliochunwa bila kukaguliwa. Homa ya Bonde la Ufa ilipopita nchini mwetu mwaka 2006 na 2007 iliua mifugo na iliua watu. Wataalamu siku hizi huita jambo hili Afya Moja, na hapo hapo Morogoro, kwenye eneo la SUA, kuna panya buku wanaofundishwa kunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu cha binadamu. Baba yako amewapokea wagonjwa hao wakiwa wamefika kwenye machela. Wewe ungekuwa unafanya kazi kabla ya machela. Mwambie hivyo kwa maneno yako.

Umeniuliza kama utakuwa umemdharau. Ungemdharau kama ungethibitisha chuo kwa siri usiku, akasikia kwa jirani. Ukimketisha ukamuuliza, ukamsikiliza mpaka mwisho, halafu ukasema lako kwa adabu, anaweza kununa hata mwezi. Kununa kwa mzazi hakuna maana kwamba amevunjiwa heshima.

Sasa fedha, maana naona nyumbani kwenu imepita juu juu. Ahadi ni deni, lakini Baba mdogo ameahidi mwaka mmoja katika mitano. Niliwahi kumfundisha kijana mzuri sana wa Fizikia, akaingia chuo binafsi kwa ahadi ya namna hii hii. Mwaka wa pili biashara ya mjomba wake ikayumba. Kijana alirudi nyumbani na matokeo mazuri na deni la ada, akakaa miaka miwili ndipo akaanza upya kwingine. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyeuliza tu. Kwa hiyo Baba, na si wewe, ampigie mdogo wake amuulize kwa upole: mwaka wa pili mpaka wa tano tunafanyaje? Ada ya udaktari kwenye chuo binafsi ni mamilioni kila mwaka, na ya chuo cha umma kama SUA iko chini ya hapo. Mkopo wa Bodi hutegemea uhitaji, unaweza kupata wote au sehemu. Ukipata kidogo kuliko mnavyoweza kubeba, Bodi hufungua dirisha la rufaa, msikae kimya. Na mkumbuke ni mkopo. Ukishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka uishe. Mwulizeni Baba mdogo pia kama mkono wake bado uko wazi ukienda Morogoro. Kwa fedha ileile ya ada ya mwaka mmoja, huenda akakulipia chumba na kompyuta na bado ikabaki.

Ajira. Kaka yako ana haki ya kuuliza, ameumia. Nitakuambia ninachokiona. Wapo madaktari wa binadamu waliosajiliwa wanaosubiri kuajiriwa, na wapo wa mifugo vilevile. Serikalini wote mtaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na mtashindana na wengi. Atakayekuambia kozi fulani ina kazi ya uhakika baada ya miaka mitano anakisia tu. Kwa hiyo swali la kaka yako ningeligeuza kidogo: ajira ikichelewa miaka miwili, nani kati ya hawa wawili atakuwa anafanya kazi ya taaluma yake katikati ya kusubiri? Daktari wa binadamu anahitaji hospitali, ndiyo maana akiikosa hukwama. Daktari wa mifugo akishasajiliwa na Baraza la Veterinari anaweza kuanza na begi na pikipiki, kama kuna wenye mifugo wanaomwamini na walio tayari kumlipa. Wewe una kaya 31 ambazo zimekulipa shilingi mia mia tangu uko kidato cha pili. Mkoa wenyewe ni Singida, ambako kuku wa kienyeji wanasafirishwa mpaka Dar. Hiyo si ajira, lakini ni kitu, na wahitimu wengi wanaanza bila kitu hicho.

Mama nimemsikia. Ualimu nimeula na umenilea, siwezi kuusema vibaya. Lakini "yaishe" si neno la kuingilia darasani. Watoto hujua ndani ya wiki mbili ni mwalimu gani amekuja kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Yupo na mtu mmoja ambaye hukumshukuru kwenye barua. Kaka yako alipokuwa anajaza maombi, ile SUA iliyoandikwa kwa penseli angeweza kuiruka, na nyumba nzima isingejua. Yeye anayesema angalia ajira tu, aliijaza. Mwulize kwa nini.

Kama leo ingekuwa siku ya mwisho na ungenitaka niseme neno moja, ningesema thibitisha SUA. Sababu zangu ni mbili: kazi hiyo umeshaianza bila kulazimishwa, na miaka yake mitano naona namna ya kuilipia. Lakini leo si siku ya mwisho. Ukitoka machinjioni ukahisi kile si chako, au Baba akikusimulia habari za wodi ukajikuta unataka kujua zaidi na zaidi, basi thibitisha udaktari wa binadamu bila aibu, na muanze mara moja kuihangaikia ada ya mwaka wa pili. Na ikitokea vyote viwili vikakushinda kwa fedha, vipo vyuo vya LITA, vyuo vya serikali vya mafunzo ya mifugo, vinavyotoa stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji. Wako waliopita huko wakafanya kazi, kisha wakaja kusoma shahada.

Machinjioni fika kabla ya saa kumi na mbili, vaa mabuti, na daftari lako uende nalo. Halafu kuna hili la mwisho. Namba ya siri ya kuthibitisha inaingia kwenye simu iliyoandikwa wakati wa kuomba, na nadhani ni ya kaka yako. Mwambie asiithibitishe yeye. Mara ya kwanza alikujazia kwa sababu ulikuwa kambini. Safari hii azime bodaboda, akupe simu mkononi, uingize namba mwenyewe, Baba akiwa amekaa pembeni.

Mwalimu